Dola moja ya dini duniani itatuacha bila pa kukimbilia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba demokrasia imefika mwisho, na kwamba dunia sasa inahitaji serikali moja tu, isiyo na vyama wala kampeni, ya kuwaongoza wanadamu wote kwa sheria ya Mungu. Hakutaja dini ipi. Nadhani alifanya busara kutoitaja, maana angeitaja tu, nusu ya waliokuwa wakimkubalia wangelikunja gazeti hapo hapo.

Nimtoe wasiwasi mapema. Mimi ni mtu wa ibada, na nilifundisha historia sekondari hadi nilipostaafu. Malalamiko yake mengi nayakubali: kura zinanunuliwa, wabunge wanasinzia kwenye viti vyao, mataifa makubwa yanahubiri haki huku yakiuza silaha. Hapo hatugombani. Tunaachana pale anapodhani kwamba tukimkabidhi Mungu serikali, Mungu mwenyewe atakuja kukaa ofisini. Atakayekaa ni mtu. Mtu huyo atakuwa na shemeji, na madeni, na watu asiowapenda, kama watawala wengine wote, ila huyu akikosea hatapatikana wa kumwambia amekosea bila kuonekana anakufuru.

Tena wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1302 Papa Boniface wa Nane alitangaza kwamba kila mwanadamu, ili aokoke, ni lazima awe chini ya Papa wa Roma. Kila mwanadamu, hakubakiza hata mmoja. Mwaka uliofuata watu waliotumwa na mfalme wa Ufaransa walimvamia nyumbani kwake Anagni, na baada ya mwezi mmoja hivi akafariki. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka tukifika hapo. Tukifika mwaka 1513 hawakuwa wakicheka.

Mwaka huo ufalme wa Hispania uliandaa tangazo la kusomewa wenyeji wa Amerika kabla ya kushambuliwa. Lilianza na Mungu kuumba mbingu na nchi. Likaeleza kwamba Mungu alimpa Petro mamlaka juu ya watu wote wa duniani, na kwamba mmoja wa warithi wake alikuwa ameshawapa wafalme wa Hispania visiwa na nchi hizo. Kwa hiyo wenyeji walitakiwa kulikubali Kanisa kuwa mtawala wa ulimwengu, na mfalme kwa niaba yake. Wakikubali, watapokewa kwa upendo. Wakikataa, watapigwa vita, wao na wake zao na watoto wao watafanywa watumwa, mali zao zitachukuliwa, na vifo vyote vitakavyotokea vitakuwa ni kosa lao wenyewe. Tangazo lilisomwa kwa Kihispania, mbele ya watu ambao hawakuwahi kukisikia. Wakati mwingine lilisomwa kukiwa hakuna mtu wa kulisikiliza, wenyeji wakiwa wameshakimbia. Karani alitakiwa athibitishe kwa maandishi kwamba limesomwa, ili utaratibu usikiukwe. Bartolomé de las Casas, padri aliyewatetea wenyeji, alisema hajui acheke au alie.

Na huyo mrithi wa Petro aliyezigawa nchi za watu mwaka 1493, kabla hata ya kujulikana ziko ngapi, ni Alexander wa Sita, ambaye mwaka huo huo alimpa mwanawe Cesare ukardinali akiwa bado kijana. Ndiyo maana nikataja shemeji.

Ndugu yangu atasema hayo ni ya Wakristo wa zamani. Basi tuje karibu. Tarehe 29 Juni 2014 kundi la ISIS lililokuwa limeuteka mji wa Mosul liliondoa majina ya Iraq na Sham katika jina lake, likajitangaza kuwa dola ya Kiislamu na kumtaka kila Mwislamu duniani amtii khalifa wake. Mwezi Septemba wanazuoni zaidi ya 120 wakamwandikia barua ya wazi wakimpinga kwa hoja za Qur'ani na hadithi. Haikusaidia kitu, kwani kundi lilikuwa na bunduki na wanazuoni walikuwa na kalamu. Tayari tangu Agosti, Wayazidi wa Sinjar, watu wa dini ndogo kaskazini mwa Iraq, walikuwa wakiuawa na wanawake wao wakiuzwa. Na Juni 2017, jeshi la Iraq likiwa limekaribia, watu wa khalifa waliulipua ule msikiti wa al-Nuri ambao alipanda mimbari yake kujitangaza.

Lakini nisimfanye msomaji afikiri kwamba wanaoumia katika dola ya dini ni wa dini nyingine tu. Mara nyingi fimbo hutua kwanza kwenye mgongo wa muumini wa dini hiyo hiyo. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun, mtawala mpenda elimu aliyegharimia tafsiri za vitabu vya Wagiriki, aliamuru makadhi na wanazuoni wahojiwe kama wanakubali kwamba Qur'ani imeumbwa. Wengi walikubali, wengine kwa hofu. Ahmad ibn Hanbal alikataa. Alifungwa pingu, na chini ya khalifa aliyefuata, al-Mu'tasim, akachapwa mijeledi. Khalifa Mwislamu, mchapaji Mwislamu, na aliyechapwa ni imamu ambaye leo moja ya madhehebu manne ya Sunni inaitwa kwa jina lake. Mambo yaligeuka tu pale khalifa mwingine alipokuwa na maoni mengine, yaani ukweli wa imani ya watu wote ulikuwa unangoja nani atakufa na nani atarithi.

Ayatollah Montazeri wa Iran naye alikuwa mmoja wa waliojenga nadharia ya utawala wa wanazuoni baada ya mapinduzi ya 1979, na mwaka 1985 akateuliwa kuwa mrithi wa Khomeini. Mwaka 1988 maelfu ya wafungwa wa kisiasa waliuawa magerezani, naye akapinga kwa maandishi. Mwaka 1989 akaondolewa katika urithi. Mwaka 1997 alipohoji mamlaka ya Kiongozi Mkuu mpya, alifungiwa nyumbani kwake Qom hadi 2003. Kama mwenye elimu ya dini ya kiwango hicho hawezi kusema neno katika dola aliyosaidia kuijenga, mimi na ndugu yangu huyu anayeandika barua magazetini tutakuwa wapi?

Kisa ninachotaka akae nacho zaidi, hata hivyo, ni cha mwaka 1858. Ulaya ilikuwa tayari na treni na telegrafu. Mji wa Bologna, katika Italia ya leo, ulikuwa chini ya Dola ya Papa: Pius wa Tisa alikuwa kiongozi wa dini na pia mfalme, mwenye polisi, magereza na mahakama. Usiku mmoja wa Juni, polisi waligonga mlango wa familia ya Kiyahudi iliyoitwa Mortara wakamtaka mtoto wao Edgardo, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 7. Hakuna aliyekuwa na kosa. Mtumishi wa ndani, msichana Mkristo, alikuwa amesema kwamba mtoto alipokuwa mchanga aliugua, naye akihofia atakufa akamnyunyizia maji na kumbatiza kimyakimya. Kwa sheria ya dola ile, mtoto aliyebatizwa ni Mkristo, na Mkristo haruhusiwi kulelewa na Wayahudi. Kesho yake akachukuliwa, akapelekwa Roma.

Baba yake, Momolo, hakukaa kimya. Aliandika maombi, akasafiri hadi Roma, akatafuta watetezi. Lakini angeshtaki kwa nani? Polisi walikuwa wa Papa. Aliyetoa amri alikuwa padri wa baraza la uchunguzi la Kanisa, na juu yake alikuwa Papa. Sheria yenyewe ilikuwa ya Kanisa, na mwenye kuifasiri ni Papa. Ilikuwa ile kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Napoleon wa Tatu, ambaye askari wake wa Ufaransa ndio waliokuwa wakimlinda Papa hapo Roma, alilalamika. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakapiga kelele. Papa akakataa.

Nataka nimtendee haki Pius. Siamini kwamba alikuwa katili. Alimlea yule mtoto kama wake, na aliamini kwa moyo wote kwamba anaokoa roho. Hilo ndilo linalonitisha. Mtawala mwizi anaweza kuaibishwa, na pengine akashiba. Anayekunyang'anya mwanao kwa ajili ya uzima wako wa milele hana sababu ya kuacha, na machozi yako kwake ni ushahidi tu kwamba bado hujaelewa. Edgardo alikua, akawa padri, akafa mwaka 1940. Wazazi hawakurudishiwa mtoto. Utawala wa Papa ulipoanguka Bologna mwaka 1859, serikali mpya ilimshtaki yule padri aliyetoa amri, na mahakama ikamwachia, kwa sababu alikuwa ametekeleza sheria iliyokuwepo. Nao walikuwa sahihi. Alitekeleza sheria.

Sasa hiyo Dola ya Papa ilikuwa kipande kidogo cha Italia. Ndugu yangu anataka dunia nzima. Je, amefikiri kwamba dini zetu zote zipo leo kwa sababu kulikuwa na mipaka ya kuvuka? Yusufu na Mariamu walimchukua mtoto wakakimbilia Misri, ambako amri ya Herode haikufika. Waislamu wa kwanza walipoteswa na Makureshi, karibu mwaka 615, Mtume aliwaelekeza Habasha kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao. Najashi akawaita wakimbizi awasikilize, Ja'far bin Abi Talib akamsomea aya za Sura ya Maryam, na mfalme akakataa kuwatoa. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipokewa kwa wingi katika dola ya Uthmaniya (Uturuki) ya Sultani Bayezid wa Pili. Waprotestanti wa Ufaransa, Mfalme Louis wa Kumi na Nne alipowafutia uhuru wao wa kuabudu mwaka 1685, walivuka kwenda Uholanzi, Uingereza na Prussia. Kila mmoja wa hao aliokolewa na ukweli kwamba aliyemtesa hakuwa mtawala wa kila mahali.

Nini hutokea mipaka ikikosa maana? Muulizeni Miguel Servet, tabibu Mhispania aliyeikana imani ya Utatu. Mwaka 1553 Wakatoliki wa Vienne, Ufaransa, walimfunga. Akatoroka, nao wakachoma sanamu yake badala yake. Akapitia Geneva, mji wa Waprotestanti uliokuwa ukiwapokea watu waliowakimbia hao hao Wakatoliki. Akatambuliwa, akashtakiwa, na tarehe 27 Oktoba akachomwa moto akiwa hai. Pande mbili zilizokuwa zikichukiana vikali zilikubaliana juu ya mtu mmoja, na ikatosha. Hiyo ndiyo serikali moja ya dunia kwa mtu mmoja.

Kuna suala la kumwondoa mtawala, nalo naligusa kwa heshima. Mtume alipofariki mwaka 632, masahaba walikusanyika Saqifa, ukumbi wa mikutano huko Madina, wakajadiliana nani aongoze, na Abu Bakr alipokubaliwa aliwaambia watu wamsaidie akitenda vema na wamnyooshe akikosea. Maneno mazuri, na mimi nayapenda. Lakini hayakupata chombo cha kuyatekeleza. Umar aliuawa mwaka 644, Uthman 656, Ali 661, na mgogoro wa nani alistahili kurithi umegawa umma hadi leo. Hao walikuwa watu waliokaa na Mtume wakamsikia kwa masikio yao. Ikiwa kwao swali la madaraka lilimwaga damu, sioni kwa nini litakuwa jepesi kwa watu wa zama zetu, tena juu ya bara zote kwa mpigo.

Iran imejaribu kuchanganya: kuna rais, kuna bunge, kuna kura. Lakini kuna Baraza la Walinzi lenye watu 12, nusu yao wakiteuliwa na Kiongozi Mkuu moja kwa moja, linalochuja wagombea. Katika uchaguzi wa rais wa 2021 walijiandikisha watu 592. Baraza lilipitisha 7.

Demokrasia nayo si malaika, na sitaificha aibu zake. Marekani iliandika uhuru wa dini katika katiba mwaka 1791 huku watu wakiuzwa mnadani. Wanaume wa Uswisi, nchi inayosifiwa kwa kura za wananchi, walikataa mwaka 1959 kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Wakakubali mwaka 1971. Mwaka 1948, Tamko la Haki za Binadamu likijadiliwa, waziri wa mambo ya nje wa Pakistani, Zafrulla Khan, alisimama kutetea haki ya mtu kubadili dini, akitumia Qur'ani. Yeye alikuwa wa jamii ya Ahmadiyya. Mwaka 1974 bunge la nchi yake, bunge lililochaguliwa, lilipitisha kwamba watu wa jamii yake si Waislamu. Kura peke yake haitoshi, hilo ninalijua. Lazima pawepo mambo ambayo wengi hawaruhusiwi kuyapigia kura, na mahakama isiyomwogopa mtu.

Na mahakama za namna hiyo zimewahi kuonekana. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 8 kwa 1, kwamba watoto wa Mashahidi wa Yehova wanaweza kufukuzwa shule wakikataa kuisalimu bendera. Baada ya hukumu hiyo Mashahidi walipigwa mitaani na ukumbi wao mmoja wa ibada ukachomwa. Tarehe 14 Juni 1943, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto na bendera ikiwa kitu kitakatifu kwa watu, mahakama ile ile ilijisahihisha, majaji 6 kwa 3: hakuna afisa mwenye uwezo wa kumlazimisha mtu kukiri kwa mdomo asichokiamini. Waliolindwa walikuwa dini ndogo, isiyopendwa, ambayo waumini wake hata kura hawapigi. Ilichukua miaka 3. Wakati huo huo, katika Ujerumani ya Hitler, Mashahidi wenzao walikuwa kambini wamebandikwa pembetatu ya zambarau.

Najua jibu litakalokuja: mbona tawala zisizo na Mungu nazo ziliua? Ziliua, na sana. Albania ilifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967 na kujitangaza nchi isiyo na dini. Chama cha kikomunisti kilikaa kwenye kiti kile kile ambacho ndugu yangu anataka akalie kiongozi wa dini, kiti ambacho mwenye kukikalia hahojiwi. Sioni faida ya kubadilisha vazi la anayekikalia.

Kanisa Katoliki lenyewe, ambalo mwaka 1864 lilikuwa limeorodhesha uhuru wa kila mtu kuchagua dini miongoni mwa makosa ya zama zake, lilifika mwaka 1965 maaskofu kutoka pande zote za dunia wakapitisha tamko la kutetea uhuru wa dini: 2,308 waliunga mkono, 70 wakapinga. Ndiyo, walipiga kura. Hata Papa huchaguliwa kwa kura ya siri, jambo ambalo wapinga demokrasia wa upande huo husahau kulitaja.

Nangoja jibu la msomaji mwenzangu. Asininukulie maandiko, ninayo nyumbani na ninayasoma. Anieleze kitu kimoja tu: wale watakaokataa kuitii serikali yake hiyo, kwa sababu watakuwepo, na mimi huenda nikawa mmoja wao, watafanywa nini? Wale wa mwaka 1513 jibu lao waliliandika wazi. Naye aliandike.

Mwalimu mstaafu wa historia